Sauti Kutoka Kabatini

Mei 14

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: ile sauti nzito ya mwanamume kwenye chaneli ya "Kiti cha Nyuma" ni yangu. Mimi, Tu Pei-han, msichana ambaye mwalimu akinisimamisha nisome, darasa zima huinama mbele kama watu wanaotafuta sindano sakafuni, ili wanisikie.

Najifungia kabatini kati ya makoti ya baridi, nasoma nilichoandika, kisha naishusha sauti kwa programu mpaka inakuwa ya kaka wa miaka thelathini anayevuta sigara. Naibandika juu ya vipande vya tamthilia, vichekesho na matangazo ya zamani. Chini naweka maandishi ya Kichina, na chini yake ya Kiingereza, maana niko darasa la lugha mbili na angalau hilo nalijua. Makala za video, watu wanaziita. Nusu saa nzima mtu anakueleza kwa nini ulicheka kitu ambacho hakikuchekesha. Mimi ndiye mtu huyo.

Hati zangu zote za makala ziko kwenye simu. Haya nayaandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hushikwa na kila mteja wa saluni ya Mama anayetaka kuona picha za mitindo. Daftari la mtoto wa shule hakuna anayelitamani.

Mvua ya plamu, ile ndefu ya kuingia kiangazi, imeanza. Ukuta wa ngazi unatoa jasho.

Mei 16

Taulo za saluni hazikauki. Mama amezitundika mpaka juu ya meza yangu. Nafanya hesabu chini ya paa la mataulo.

Mei 19

Leo nimeisikia sauti yangu mwenyewe huko chini, saluni. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na bakuli langu la tambi, Mama anamwosha nywele Shangazi A-Bik, muuza keki za samaki wa jirani. Shangazi huja kuoshwa nywele siku moja na kuruka moja. Nywele zake si chafu kiasi hicho. Anakuja kwa ajili ya televisheni na umbea. Lakini leo televisheni ilizimwa, simu ya Mama imesimamishwa kwenye rafu ya shampuu, na kwenye simu nipo mimi, naeleza habari za mashindano ya waimbaji chipukizi.

"Huyu kijana anajua kuongea," Mama akasema.

"Anaongea kama amemeza kamusi," Shangazi akajibu, macho amefumba. "Ana mke?"

"Kwa maneno hayo? Atakuwa bado anakaa kwa mama yake."

"Na mama yake ndiye anamfulia."

"Na kumpikia."

Wakacheka mpaka povu likaingia sikioni mwa Shangazi. Kisha Mama akageuka kunitazama. "A-Han, unamjua huyu?"

"Simjui."

"Unaona, Dada A-Bik? Watoto wa siku hizi hawajui vitu vizuri."

Tambi zilinipalia. Nikapanda juu. Jioni, kama kila jioni, nikasikia hatua kwenye ngazi, kikombe kikagusa sakafu nje ya mlango wangu, hatua zikarudi. Maji ya moto yaliyochemshwa na peasi. Kwa ajili ya unyevu, Mama husema. Huweka na kuondoka. Hajawahi kubisha, na namshukuru kwa hilo kuliko hata hayo maji.

Mei 23

Nimesoma maoni tena badala ya kulala mchana. Kuna mmoja hakosi tangu makala zangu za mwanzo, zile ambazo hakuna aliyezitazama. Anajiita Yungiyungi Tulivu, picha yake ni ua la yungiyungi lenye umande, zile picha ambazo wazee hutumiana asubuhi na maneno ya kutakiana afya. Akishatazama huandika vilevile: "Kijana, hoja nzuri. Kunywa maji ya moto." Nikitoa makala ya hovyo huandika: "Kijana, leo ulikuwa na haraka. Kunywa maji ya moto."

Nadhani ni bibi fulani wa kusini, anayekaa peke yake na paka. Wakati mwingine naandika nikimfikiria yeye.

Mei 27

Mvua. Nimechoka. Basi.

Mei 30

Mwalimu Peng ametoa kazi ya muhula: kila mwanafunzi apendekeze makala moja ya video kuhusu utamaduni na jamii, asimame mbele, aeleze kwa Kiingereza kwa nini wengine waitazame. Jo-tung, jirani yangu wa dawati, ameandika "Kiti cha Nyuma" ubaoni kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

"Utanisaidia Kiingereza changu, Pei-han? Wewe unajua ila huongei. Mimi naongea ila sijui."

Nikasema sawa. Sijui kama alinisikia.

Juni 8

Mama amefunga wali wa sikukuu ya mashua kutwa nzima: wali mnato, nyama, uyoga, majani ya mwanzi, uzi. Nusu ameweka karanga. Mimi sili karanga. Yeye karanga zinamwasha koo. Anayependa karanga ni Baba.

Baba yuko Xiamen, Uchina bara, ng'ambo ya maji. Wateja wakiuliza, Mama hujibu, "Yuko kazini." Alikuja mara ya mwisho nikiwa bado sekondari ya chini. Kandambili zake za bluu na nyeupe ziko hapo nje ya mlango wa nyumba, pembeni mwa saluni. Kila wiki Mama anazisugua kwa brashi, anazirudisha palepale, kila wiki zimekaa pembe tofauti kidogo, kama mtu aliyezivua sasa hivi.

Niandike hapa kile ambacho hatukisemi. Kule Baba ana mwanamke na mtoto. Nilimwona mtoto mwaka jana kwenye picha, amebebwa mabegani, ameshika masikio ya Baba kama usukani. Nikadhani ni mimi peke yangu niliyeona. Kisha siku moja nikamsikia Mama kwenye simu, anakunja mataulo, sauti ileile ya kuuliza bei ya mboga: "Mtoto ameanza kutembea?"

Nilisimama ngazini nikitaka kutupa kitu. Sikuwa na kitu mkononi.

Juni 10

Sikukuu. Baba hakuja. Ametuma picha ya mashua za mashindano, hata si yeye aliyeipiga.

Mama ameweka ule wenye karanga kwenye friza.

Nimeandika hati nzima kwa pumzi moja. Inahusu tamthilia za saa mbili usiku, zile za Kitaiwani ambazo mke huvumilia miaka, anapigwa kofi na mama mkwe, anangoja, na sehemu ya mwisho mume anarudi na kupiga magoti. Nasema hivi: tamthilia hizi hazisimulii uvumilivu, zinaufundisha. Wanawake wanaozitazama wamegeuzwa walinzi wa nyumba ambazo mwenyewe hatarudi. Na katikati kuna kipande kinachoanza: "Namjua mwanamke mmoja."

Juni 12

Nimerekodi. Sauti ilikuwa inatetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Nimesema habari za kandambili, nimesema jinsi anavyozisugua. Nimesema: "Anamngoja mtu ambaye hata yeye anajua haji, na huko kungoja anakuita upendo kwa sababu televisheni ilimfundisha jina hilo." Nimesema habari za mtoto. Nilipofika "ameanza kutembea," gari la taka likaingia mtaani na muziki wake wa piano. Gari letu spika yake mbovu, ina kwikwi. Muziki hukatika mahali palepale kila jioni. Na mara Mama akaita, kwa nguvu ambazo sikuzijua, "A-Han! Takataka! Shuka sasa hivi!"

Mama hajawahi kuniita nishushe takataka. Husema mtoto wa shule asome. Nikatoka kabatini jasho linatiririka, nikakimbia na mifuko, nikasimama kwenye mvua na majirani wote, Shangazi A-Bik akiwa na mwavuli wenye mbavu zilizovunjika.

"Leo umetumwa wewe?" akasema. "Mama yako Giok anaumwa?"

"Hapana, Shangazi."

Niliporudi nilitakiwa kurekodi kile kipande upya. Nilikuwa nimechoka, kesho mtihani wa fizikia. Nilipoishusha sauti yangu, na sauti ya Mama ikashuka. Ikawa kama mzee fulani anaita kwa mbali, maneno hayashikiki. Muziki wa gari nikaupunguza. Nikasema nani atasikia.

Nimeipandisha.

Juni 15

Sielewi. Mtambo wa mapendekezo umeichukua, unaisukuma kwa kila mtu. Nikifungua simu nakuta namba imeruka. Nikiifunga naogopa kuifungua. Watu wanaandika kurasa nzima. Wengine wameandika kuhusu mama zao. Mmoja amechora kandambili mbili za bluu zinalia machozi, na mchoro sasa unatumwa kila mahali.

Yungiyungi Tulivu hajaandika.

Juni 16

Mvua. Yungiyungi kimya.

Juni 17

Mvua. Kimya.

Juni 19

Leo Jo-tung amesimama mbele ya darasa. Kiingereza chake nilikirekebisha mimi mwenyewe, kwa hiyo nilikaa pale nikisikiliza maneno yangu juu ya maneno yangu. Alicheza kipande cha kandambili. Darasa likacheka. Si wabaya. Walicheka kwa sababu sauti yangu iliwapa ruhusa; niliposikiliza tena nilisikia pale ninapotua kidogo baada ya "anazisugua kwa brashi," na kule kutua kumewekwa hasa ili mtu acheke.

"Ila huyu mama jamani," Hung-chieh akapiga kelele kutoka nyuma. "'Mtoto ameanza kutembea?' Si aende akamfundishe na kuongea kabisa!"

"Atume na kandambili ndogo!" mwingine akadakia.

Mwalimu Peng naye alitabasamu kabla ya kuwanyamazisha. Kisha akauliza nani ana maoni. Akanitazama mimi. Nilisimama. Darasa likainama mbele.

"Labda..." nikasema.

"Kwa sauti, Pei-han."

Nikakaa.

Makala ile ile inaeleza jinsi televisheni inavyomchukua mwanamke mmoja na kumweka mbele ya watu wamcheke. Nimeiandika mimi. Hakuna darasani aliyeliona hilo, na mimi nimeliona leo, nikiwa nimekaa.

Juni 21

Mikono ya Mama ilikuwa kwenye rangi ya nywele. "A-Han, nisomee ujumbe, ni yule muuza shampuu." Nikachukua simu yake. Ilikuwa wazi kwenye programu ya video. Pembeni juu, kwenye kiduara cha mwenye akaunti, kulikuwa na ua la yungiyungi lenye umande.

"Anasemaje?"

"Ataleta Jumatatu," nikasema. Hata ujumbe sikuwa nimeufungua.

Bibi wa kusini hayupo. Paka hayupo.

Juni 22

Najaribu kufikiri. Mama anaipenda chaneli, hajui ni mimi. Hajaandika chini ya ile makala. Basi labda hajaitazama. Saluni imejaa, mwisho wa muhula, watu wanataka nywele. Labda mtambo haujamfikishia.

Niiondoe? Nimeweka kidole pale mara nyingi leo. Halafu nasoma mwanamke mwingine anayeandika, "Nilidhani niko peke yangu," na kidole kinarudi. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniinamia kunisikia hivi. Nimeandika, nisije nikajidanganya baadaye.

Juni 25

Imetokea.

Nilirudi shule nimelowa. Saluni alikuwepo Shangazi A-Bik peke yake, kichwa beseni, mikono ya Mama kwenye povu. Nikakaa ngazini kuvua soksi. Simu safari hii ilikuwa ya Shangazi, ameishika juu ya uso wake.

"Giok, hii imenijia toka asubuhi, nikiipitisha inarudi. Yule kijana wako mwenye kamusi. Sikiliza."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Namjua mwanamke mmoja."

Ningeweza kukimbia. Ningeweza kupiga kelele kwamba kuna panya. Nilikaa na soksi moja mkononi. Mama aliendelea kusugua, vidole vile vile, mwendo ule ule. Kandambili. Brashi. Kungoja. Nilimtazama kwenye kioo na uso wake ulikuwa wa mtu anayeosha kichwa.

"Mjinga huyu mwanamke," Shangazi akasema. "Mimi ningezitia moto hizo kandambili."

"Mpira ukiungua unanuka," Mama akasema.

"Ningemtumia mumewe majivu!"

"Posta ya ng'ambo ghali, Dada."

Shangazi akacheka. Kisha muziki wa piano ukaanza ndani ya simu, kwa mbali, nyuma ya sauti yangu. Ukapiga, ukapiga, ukakata. Kwikwi.

Shangazi akafungua macho. "He! Hilo si gari letu hilo?"

Mama akaifuta mikono. Akachukua draya, akaiwasha, akaielekeza kwenye nywele ambazo bado zilikuwa na povu. Ikanguruma chumba kizima. Povu likaruka kwenye kioo. Shangazi anapiga kelele, "Giok, wewe! Hujanisuuza!" na Mama anatikisa kichwa kama hasikii. Akahesabu moyoni, niliona midomo yake ikienda. Kisha akaizima.

Ndani ya simu mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye mambo ya watangazaji na faida yao.

Aliifunika sehemu ile tu ambayo yeye mwenyewe anaita. Aliiwasha kabla ya kuita na kuizima baada ya kuita. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa kitu ambacho hajakitazama, na kukitazama tena.

Shangazi A-Bik alikaa wima, maji yanamchuruzika shingoni. Alimtazama Mama kwenye kioo. Kisha macho yake yakaenda mlangoni, nje, kwa zile kandambili zilizokaa pembe mpya. Kisha yakanipata mimi ngazini na soksi yangu. Nilingoja. Mwanamke huyu habari ya harusi huifikisha sokoni kabla bwana harusi hajaambiwa.

Akafunga simu. Akalaza kichwa tena kwenye beseni.

"Nisuuze, Giok," akasema. "Na maji yawe ya moto kidogo, mimi mzee."

"Uzee gani," Mama akasema, "mdomo bado wa msichana."

"Mdomo wangu leo unauma. Sitaongea."

Na kweli hakuongea tena.

Juni 26

Sikula. Sikurekodi. Kikombe kiliwekwa kama kawaida.

Juni 27

Asubuhi nimekuta viatu vya mvua vya mwanaume mlangoni, vyeusi, vikubwa, vya mpira, vimesimama kando ya kandambili. Shangazi A-Bik alikuwa anaondoka.

"Vya marehemu mume wangu," akasema. "Vinanijazia nyumba. Mwambie mama yako avigeuzegeuze, visikae upande mmoja tu."

"Avigeuzegeuze kwa nini, Shangazi?"

Akanitazama kama nimemuuliza maji yana rangi gani. "Na Kiingereza chote hicho," akasema, akaenda zake.

Juni 28

Mama alipokuwa sokoni niliingia chumbani kwake, nikaweka sikio ukutani, kwenye ule ubao ambao upande wa pili ni kabati langu. Nilikuwa nimeacha redio ndogo inaongea kule ndani. Nilisikia kila neno. Hata mtangazaji alipomeza mate nilisikia.

Basi anajua tangu mwanzo. Sauti haikuwa nzito kwake hata siku moja. Alinisikia mimi mwenyewe kabla sijaishusha. Kijana anakaa kwa mama yake, na mama yake ndiye anamfulia. Alikuwa ananitania usoni.

Na jioni ile alikuwa chumbani anakusanya takataka. Alisikia kandambili. Alisikia brashi. Nilipofika kwa mtoto, aliita. Nilidhani ameniharibia kazi. Alikuwa ananiomba niache, na hilo ndilo neno pekee alilolipata karibu.

Nilikaa sakafuni kwake muda. Kisha nikafungua makala zangu moja moja nikimtafuta Yungiyungi, mpaka ile ya kwanza kabisa, ya matangazo ya shampuu, ambayo hakuna anayeifungua. Hapo palikuwa na maoni yake mapya, ya siku tatu baada ya kurekodi. Aliyaficha mahali ambapo angeyakuta mtu mmoja tu.

Nayanakili:

"Kijana, hoja nzuri, lakini jambo moja umekosea. Mwanamke anayeishi na binti yake tu huweka viatu vya mwanaume mlangoni, na huvisogeza kila wiki, ili anayepita akitazama ajue kuna mtu. Mama zetu walifanya hivyo. Hakuna anayengoja hapo. Niliacha kungoja kabla hujajua kusoma. Na mtoto hana kosa. Mtu akiuliza kama ametembea, ameuliza tu. Wali wa karanga anaupenda Dada A-Bik, huwa nampelekea. Ulikuwa umekasirika, nikakuachia. Kunywa maji ya moto."

Nimesoma mpaka herufi zikaacha kuwa herufi. Mimi ndiye ninayewaeleza watu maana ya vitu wanavyoviona. Kitu kilichokaa mlangoni kwangu miaka yote nimekisoma kinyume, nikausomea umati. Na sasa umati wote unajua kwamba kwenye mtaa wa gari lenye kwikwi kuna kandambili za bluu na nyeupe, na kwamba mwenyewe hayupo. Zilikuwa zinatulinda. Nimezivua mimi.

Ndiyo maana ya viatu vya marehemu.

Nimeiondoa. Kidole hakikurudi. Ile picha ya kandambili zinazolia siwezi kuiondoa, iko kwenye simu za watu.

Juni 29

Jo-tung ananiuliza, "Umeona? Kiti cha Nyuma kafuta! Unadhani kwa nini?"

"Alikosea," nikasema.

"Nini?"

"Nimesema alikosea!"

Watu wawili mbele wakageuka. Jo-tung akaniangalia mdomo wazi. "Kumbe una sauti," akasema.

Juni 30

Mvua bado, lakini nyepesi, inakaribia kuchoka nayo.

Jioni hii niliingia kabatini bila kufungua ile programu ya kushusha sauti. Nilikuwa nimepanga kusoma kitu kifupi, si cha kupandisha, cha ukutani tu. Nilisogea mpaka paji la uso likagusa ubao. Nikasema, "Mama, nilikosea kuhusu kandambili." Sauti ikatoka ndogo, ya kwangu, ya darasani. Nikairudia kwa nguvu. Nikasema, "Nilikosea na kuhusu wewe." Halafu nikaishiwa, maana hilo lingine sikuwa nimeliandika.

Nilibaki na sikio kwenye ubao. Kisha gari likaja na kwikwi yake, nikasikia mlango wa Mama, ngazi, mifuko. Nilitaka kushuka nimpokee, sikushuka. Nikachukua daftari nikaanza kuandika haya.

Sasa gari limepita. Mlango wa chini umefungwa. Mtu anapanda ngazi, na hatua si za Mama. Ni nzito, zinaburuta, zinapiga kisigino kila ngazi: pa, pa, pa. Hatua za mwanaume. Nikadhani Baba, au mtu mwingine yeyote ambaye nimemwita mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Kisha nikasikia kifuniko cha kikombe kikitetemeka juu ya kikombe.

Ni Mama, amezivaa zile kandambili. Viatu vyake vitakuwa vimelowa, na hizi sasa hazimdanganyi mtu tena, na pale mlangoni kuna vya marehemu. Amezivaa tu.

Amefika. Kikombe kimegusa sakafu. Nangoja kandambili zigeuke zishuke, kama kila jioni.

Hazigeuki.

Daftari naliingiza chini ya taulo, wino haujakau—